Kumwombea mwenzi wako grini kadi naye akiwa bado kwenye H-1B: mwongozo kamili

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na viza ya kazi ya H-1B na miaka miwili imebaki kabla ya kikomo chake. Mimi nilikuwa nimeshakula kiapo cha uraia wa Marekani. Ndugu, mashoga na watu wa harusini walituambia neno moja: "Wewe si raia? Basi mwenzio keshapata makaratasi." Hakuna aliyetuambia kwamba ukikosea, ombi la grini kadi linaweza kuua viza nzima ambayo mtu alikuwa nayo tangu mwanzo, ukabaki huna hili wala lile.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika mambo haya, H-1B ndiyo mbachao: imechakaa, ina masharti, inakufunga kwa mwajiri mmoja, lakini umeikalia. Ombi la grini kadi, hata likiwa zuri namna gani, ni msala upitao mpaka kadi iwe mkononi. Kila hatua hapa chini nimeipima kwa swali hilo moja: je, inauchoma mbachao?

Wewe unayeomba ni nani?

Mambo yote yanaanza kwako, si kwa mwenzi wako. Ukiwa raia, mwenzi wako ni "ndugu wa karibu", kundi lisilo na foleni ya viza. Fomu I-130 (ya kuthibitisha ndoa) na I-485 (ya kuomba ukaazi) zinaweza kwenda kwenye bahasha moja, siku moja.

Ukiwa na grini kadi tu, mwenzi wako anaingia kundi la F2A, na hapo foleni ipo. Unatuma I-130 peke yake, na tarehe ambayo idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, imeipokea ndiyo nafasi yenu kwenye mstari. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa ya viza yenye majedwali mawili, na USCIS hutangaza ni jedwali lipi litumike mwezi huo kwa walio ndani ya nchi. Mpaka zamu yenu ifike, I-130 haimpi mwenzi wako haki ya kukaa wala ya kufanya kazi. H-1B ndiyo paa lake pekee.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. H-1B kwa kawaida ina mwisho wa miaka sita. Nyongeza zaidi ya hapo hutokana na mwajiri kuanzisha mchakato wake mwenyewe wa kumwombea mfanyakazi grini kadi. I-130 yako haiongezi hata siku moja. Kwa hiyo kama una grini kadi na mwenzio yuko mwaka wa nne au wa tano, aongee na mwajiri mapema. Kukimbia mbio mbili kwa pamoja, ya ndoa na ya kazi, hakuna kosa lolote. Na wewe piga hesabu ya uraia wako: kwa kawaida ni miaka mitano ya grini kadi, na fomu N-400 inaruhusiwa kutumwa siku 90 kabla ya mitano kutimia. Siku unapokula kiapo, mwenzi wako anatoka F2A na kuwa ndugu wa karibu. Waarifuni USCIS, maana hawapigi ramli.

Tofauti nyingine kubwa kati ya makundi haya ni msamaha. Mwenzi wa raia aliyeingia nchini kihalali, akakaguliwa mpakani, husamehewa kupitisha muda wa kukaa au kufanya kazi bila kibali. Kwa F2A sahau msamaha huo. Huko kukosa hadhi halali kunaweza kuziba njia ya kuomba ukiwa ndani ya nchi.

Kama kuna watoto wa mwenzio, ndugu wa karibu hana wategemezi: kila mtoto anahitaji I-130 yake na I-485 yake. Mtoto wa kambo anahesabika wako kama ndoa yenu ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18.

Viza na hadhi si kitu kimoja

Watu wanachanganya mambo haya mpaka wanajiumiza. Viza ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye pasipoti. Kazi yake ni kumfikisha mtu mlangoni, kwa afisa wa mpakani. Ruhusa ya kukaa iko kwenye I-94, rekodi ya kuingia inayopatikana kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, au ile inayokuja chini ya barua ya I-797 mwajiri anapoongeza muda. Mtu anaweza kuwa na viza iliyokwisha mwaka jana na bado akawa ndani kihalali kabisa. Hana tatizo mpaka siku atakapotoka nje na kutaka kurudi.

Leo hii, kabla hujagusa fomu yoyote, chapisha I-94 ya mwenzio na ulinganishe jina na tarehe na pasipoti. Nimeona I-94 yenye jina la baba mahali pa jina la kwanza, na ikachukua wiki kadhaa kusahihishwa.

H-1B na L-1 (viza ya mfanyakazi anayehamishwa na kampuni yake) zina sifa ya pekee: sheria inamruhusu mwenye nazo awe na nia mbili kwa wakati mmoja, ya kufanya kazi kwa muda na ya kutaka kubaki. Kuomba grini kadi hakumvunjii hadhi. Aliyekuja na viza nyingine hana raha hiyo. Mwenye O-1 (ya watu wenye vipaji vya pekee) au E-3 (ya wataalamu kutoka Australia), kwa mfano, akitoka nchini I-485 ikiwa mezani bila kibali maalumu cha kusafiri, ombi linahesabika limeachwa. Na kama mwenzio aliwahi kuwa na J-1, viza ya mafunzo na kubadilishana, wakiwemo madaktari wengi wanaokuja kwa mafunzo ya ubingwa, angalia kwanza kama amefungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Sharti hilo lisipotimizwa au kuondolewa rasmi, I-485 haiendi popote, hata muwe na ndoa ya miaka kumi.

Hatua ya 1: vyeti kutoka nyumbani

Hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Anza miezi mitatu kabla.

Cheti cha kuzaliwa: Tanzania Bara ni RITA (wakala wa usajili), Zanzibar kuna wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, Kenya ni idara ya usajili wa raia kupitia eCitizen. Tatizo letu ni kwamba wengi tuliandikishwa ukubwani, labda wakati wa kutafuta pasipoti. Cheti chenye tarehe ya usajili ya mwaka 2012 kwa mtu aliyezaliwa 1990 ni halali, lakini afisa atataka ushahidi wa zamani wa kukisindikiza: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi. Ongeza viapo vya watu wawili waliokuwepo au wanaojua kuzaliwa kwake, kama mama mzazi na shangazi. Usingoje kuulizwa.

Cheti cha ndoa: USCIS huangalia kama ndoa ni halali kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kutolewa mahari au kufungishwa na padri peke yake si cheti. Kenya, tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, ndoa ya kimila nayo inapaswa kusajiliwa. Tanzania Bara, ndoa ya msikitini au kanisani lazima iwe na cheti kinachotambuliwa na serikali, na kukihakiki RITA ni busara. Mkifunga Marekani, mnachotaka ni nakala iliyothibitishwa kutoka ofisi ya kaunti. Ile karatasi nzuri yenye maua ambayo mchungaji alikupeni itundikeni ukutani.

Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, lazima kila ndoa ya nyuma ionyeshe ilivyoisha, kwa cheti cha kifo au hati ya talaka ya mahakama. Talaka ya mdomo, hata mbele ya mashahidi wacha Mungu, haitatosha. Tafuta karatasi ya Kadhi au ya mahakama. Na bwana mwenye mke mwingine nyumbani asijidanganye. Marekani inatambua ndoa ya kwanza tu, fomu inauliza waziwazi kuhusu wake wengi, na jibu la uongo humfuata mtu mpaka siku ya kuomba uraia.

Majina. Pasipoti inasema Mwanaisha, cheti cha kuzaliwa Mwanaesha, cheti cha shule Aisha. Orodhesha majina yote kwenye sehemu ya "majina mengine" ya kila fomu na uweke kiapo kimoja kinachosema ni mtu yuleyule. Mke kubaki na jina la baba yake, kama ilivyo pwani, si kosa na hakuhitaji maelezo.

Hati yoyote ya Kiswahili iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, pamoja na tamko lililosainiwa na mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Si lazima awe na leseni, lakini asiwe mmoja wenu. Tafsiri hata mhuri.

Upande wako weka nakala ya pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia. Cheti kile kimeandikwa kwamba kukinakili bila ruhusa ya sheria ni kosa, na watu wanaogopa. Kukinakili kwa ajili ya ombi kama hili kunaruhusiwa.

Hatua ya 2: kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli

Cheti kinaonyesha ndoa ni halali. Kwamba ni ya kweli ni habari nyingine. Wenye nguvu zaidi ni ushahidi wa pesa na paa: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ambayo mishahara inaingia na bili zinatoka, bima ya afya ambamo mmoja amemwandikisha mwenzake, marejesho ya kodi mliyoyajaza pamoja kama wanandoa. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa wiki moja kabla ya kutuma, ikiwa na dola mia mbili zilizolala, inasema zaidi kuliko mnavyotaka iseme.

Picha ziwe kama ishirini, za nyakati tofauti, na watu wa pande zote mbili. Andika chini ya kila moja ni nani na ni wapi. Hizo za sare za harusi ni dhahabu, maana hakuna anayeshonesha vitenge vya watu sitini kwa ndoa ya uongo. Sisi tuliweka pia risiti za pesa tulizotuma kwa wakwe, zangu kwenda kwao na zake kwenda kwetu.

Wenye H-1B wana shida yao ya pekee: kazi imefungwa kwa mahali. Yeye yuko Austin, wewe ni nesi Minneapolis, na hakuna anayeweza kuhama bila kupoteza kitu. Kuishi miji miwili hakuvunji ndoa mbele ya sheria, ila jambo hilo msilifiche. Andikeni barua ya ukurasa mmoja inayoeleza sababu, mkaambatanisha barua ya mwajiri inayotaja eneo la kazi, tiketi za ndege za kila mnapotembeleana, na mpango wa kuhamia pamoja. Anwani kwenye fomu iwe ya kweli. Mtu anayeandika anwani moja "ili isilete maswali" ndiye anayeulizwa maswali.

Hatua ya 3: udhamini wa I-864

Hii ni hati ya kisheria kati yako na serikali ya Marekani. Unaahidi kwamba mwenzi wako hatashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa kaya ya watu wawili, kiwango cha 2025 kilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, nacho hubadilika kila mwaka. Kaya ni wewe, mwenzio, watoto, wanaokutegemea kwenye kodi, na yeyote uliyemdhamini zamani ambaye udhamini wake bado uko hai. Mama unayemtumia pesa Kisumu kila mwezi hahesabiki, isipokuwa umemwandika kama mtegemezi kwenye kodi.

Mbachao unasaidia hapa pia. Mshahara wa H-1B wa mwenzio unaweza kuhesabiwa ikiwa kazi ileile itaendelea baada ya kupata kadi. Weka barua ya mwajiri na hati za malipo za miezi ya karibuni. Ikiwa bado hamfiki, tafuta mdhamini wa pili, raia au mwenye grini kadi, anayeishi Marekani. Wewe bado utasaini yako hata kama huna kipato.

Kabla ya kusaini, jua inadumu mpaka lini: mpaka mwenzio awe raia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, kama miaka kumi hivi, au aondoke nchini na kuachia ukaazi, au kifo. Talaka haiifuti. Soma sentensi hiyo mara mbili, na mwambie yule mjomba unayemwomba awe mdhamini wa pili aisome naye.

Hatua ya 4: daktari

Fomu I-693 hujazwa na daktari aliyeidhinishwa na USCIS, si daktari wenu wa kawaida. Tangu 2 Desemba 2024 lazima iende pamoja na I-485, na wasioiweka hurudishiwa bahasha. Kila kliniki ina bei yake, na tofauti ni kubwa, kwa hiyo piga simu tatu.

Beba kadi zote za chanjo za tangu utoto. Kila chanjo usiyoweza kuithibitisha utachomwa tena au kupimwa damu. Chanjo ya UVIKO-19 haitakiwi tena tangu Januari 2025. Kuhusu kifua kikuu, wengi wetu tulichanjwa BCG, chanjo ya ugonjwa huo, na kipimo cha ngozi kinaweza kudanganyika nayo. Kipimo cha damu kinachotumika sasa hakidanganyiki. Kikitoka chanya utapigwa picha ya kifua, na kuwa na vijidudu vilivyolala bila ugonjwa hakukuzuii. Daktari atakupa bahasha iliyofungwa. Usiifungue. Omba nakala yako kando.

Hatua ya 5: bahasha

Kwa raia anayemwombea mwenzi aliye ndani, bahasha yetu ilikuwa hivi:

- I-130, unayoisaini wewe, na I-130A, fomu ya taarifa za mwenzi
- I-485, anayoisaini mwenzi, na nakala ya I-94, pasipoti, barua zote za I-797 na hati za malipo zinazoonyesha H-1B haikukatika
- I-864 na nakala za kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani
- I-693 kwenye bahasha yake iliyofungwa
- I-765 ya kibali cha kazi na I-131 ya kibali cha kusafiri
- vyeti, tafsiri, ushahidi wa ndoa, picha za pasipoti

Ada zilizoanza 1 Aprili 2024 ni dola 675 kwa I-130 ya karatasi (625 ukituma kwa mtandao), 1,440 kwa I-485, 260 kwa I-765 inayoambatana nayo, na 630 kwa I-131. Jumla kwa karatasi ni dola 3,005, bila daktari wala wakili. Hundi hazipokelewi tena tangu mwishoni mwa Oktoba 2025: jaza fomu G-1450 kwa kadi ya benki au G-1650 kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti, na kila fomu iwe na malipo yake. Angalia ada na toleo la fomu asubuhi ya siku unayotuma. Toleo limeandikwa chini ya kila ukurasa, na fomu yenye kurasa za matoleo mawili inarudishwa.

Je, mwenye H-1B anahitaji I-765 na I-131? Nasema tuma, kama pesa ipo. Kuwa na vibali hivyo hakuharibu kitu. Kuvitumia ndiko kunakobadilisha mambo.

Kuhusu wakili: kesi safi, isiyo na ndoa za nyuma zenye utata, kukamatwa na polisi wala kupitisha muda, mnaweza kuijaza wenyewe kwa utulivu. Ikiwa na doa lolote, lipia wakili wa uhamiaji. Anayejiita mtayarishaji wa makaratasi, hata awe mtu wa kwenu, si wakili. Mmoja tuliyempa kazi mwanzoni aliandika kwenye I-485 kwamba mume wangu hajawahi kufanya kazi Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya kazi! Tuliligundua kwa kuwa tulisoma kila ukurasa kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: kusubiri bila kuuchoma mbachao

Baada ya wiki chache zinakuja barua za kupokelewa, kisha mwito wa alama za vidole. Fungueni akaunti ya mtandaoni na muingize namba za kesi. Mkihama, toeni taarifa ndani ya siku 10. Hayo ni mepesi. Ugumu uko kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kazi. Kibali cha kazi kikifika, kishawishi ni kuacha kazi ya H-1B na kwenda kwenye mshahara mnono. Akifanya kazi kwa mwajiri mwingine kwa kibali hicho, hadhi ya H-1B imekwisha. Atakuwa anakaa kwa sababu tu ombi liko mezani. Ombi likikubaliwa, hakuna aliyeumia. Likikataliwa, hana pa kurudi, na sera ya USCIS ya Februari 2025 inaelekeza kwamba asiye na hadhi baada ya kukataliwa anaweza kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Anayebaki kwenye H-1B akikataliwa anaamka kesho yake na kwenda kazini, huku mkiandaa ombi la pili. Kwa hiyo mwajiri aendelee kuiongeza H-1B kama kawaida, na kibali kikae kwenye droo. Kuipata upya H-1B sasa ni kazi kubwa kuliko zamani: tangazo la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani.

Je, mwajiri aambiwe? Hakuna sheria inayokudai hivyo. Sisi tulinyamaza.

Akifukuzwa kazi, sheria inampa mpaka siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine, mradi I-94 yake haikwishi mapema zaidi. Kama I-485 ilishapokelewa anaweza kubaki, na hapo ndipo kibali cha kwenye droo kinatolewa. Kama hamjatuma na wewe ni raia, tumeni ndani ya siku hizo.

La pili ni safari. Msiba umetokea Mombasa, ombi liko mezani. Mwenye H-1B anaweza kutoka na kurudi bila kuua I-485, ikiwa hadhi yake iko hai, viza ya kwenye pasipoti haijaisha, na anarudi kwa mwajiri yuleyule. Viza ikiwa imeisha, itabidi aombe nyingine ubalozini, na miadi inaweza kuchelewa kuliko arobaini ya marehemu. Njia mbadala ni kibali cha kusafiri, lakini lazima kiwe kimeshatolewa kabla hajatoka. Kukiomba halafu ukaondoka ni kuliacha ombi la kibali. Akiingia kwa kibali hicho, anaingia kama mtu aliyeruhusiwa kwa muda, si kama H-1B. Mbachao umekunjwa, ingawa kwa mwajiri yuleyule anaweza kuendelea na kazi.

La tatu ni pasipoti anayoibeba. Tangazo la rais la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye nchi zenye vizuizi vya viza kuanzia 1 Januari 2026. Burundi na Somalia zilishaingia Juni 2025. USCIS nayo ilisimamisha kutoa uamuzi kwa maombi ya raia wa nchi zilizotajwa, hata walio ndani. Kama mwenzio ana pasipoti ya nchi hizo, ongea na wakili kabla ya kutuma na kabla ya kununua tiketi yoyote. Kwenu ninyi, kuiendeleza H-1B huku ombi likiwa limesimama si tahadhari tu. Ndiyo riziki.

Ikija barua ya kuomba ushahidi zaidi, mna nafasi moja ya kujibu. Kusanyeni kila kitu, mtume kwa pamoja kabla ya tarehe iliyoandikwa, na karatasi yao ya kwanza ikae juu.

Hatua ya 7: mahojiano

Nendeni na asili za vyeti vyote na ushahidi mpya wa tangu mlipotuma bahasha. Afisa atawaapisha, kisha atapitia I-485 swali kwa swali. Yale maswali ya rangi ya mswaki huja zaidi mkitenganishwa vyumba, na hilo hutokea afisa akiwa na shaka. Sisi tuliulizwa tulikutana wapi, nani alihudhuria harusi, nani analipa kodi ya nyumba, ndugu zake wangapi.

Swali la kujiandaa nalo ni kama kuna mtu aliyelipwa kwa ajili ya ndoa hii. Mtu mwaminifu anakumbuka mahari, anasita, na kusita kwake kunaonekana vibaya. Jibu ni hapana, hakuna aliyelipwa ili apate makaratasi. Kama mahari yatatajwa, eleza kwa sentensi moja kwamba ni zawadi ya kimila au ya kidini kutoka upande wa mume. Na mkiwa hamjui jambo, semeni hamjui. Mume wangu hakukumbuka tarehe ya kuzaliwa ya mama yangu, nami sikuikumbuka ya mama yake. Afisa alicheka, akaendelea.

Kadi ikifika

Angalia tarehe ya kwisha. Kama siku ya kukubaliwa ndoa yenu haikuwa imetimiza miaka miwili, kadi ni ya miaka miwili yenye sharti. Mtatuma I-751, fomu ya kuondoa sharti hilo, dola 750, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Ukituma mapema inarudishwa, ukichelewa unahatarisha ukaazi wenyewe. Tuliibandika tarehe hiyo kwenye mlango wa friji. Endeleeni kuweka nakala za bili na kodi, maana ushahidi uleule utatakiwa tena. Baada ya miaka mitatu ya grini kadi, mkiwa bado pamoja nawe ukiwa raia muda wote huo, ataruhusiwa kuomba uraia wake.

Mwenzio apeleke kadi kwa ofisi ya rasilimali watu ili wabadilishe kumbukumbu zao za kibali cha kazi. H-1B imejifia yenyewe siku ile ya kukubaliwa. Kisha aende ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii) na kadi yake mpya. Namba inabaki ileile, lakini ile kadi ya zamani ina maneno kwamba inafaa kwa kazi pale tu penye kibali cha serikali. Watampa nyingine isiyo na maneno hayo, bila malipo.